Mauntingi za Corolla ya zamani: jinsi ya kuzikagua, kuzitengeneza na kuzibadilisha

Gari liko kwenye foleni, gia iko D, mguu uko kwenye breki. Usukani unatetemeka, vioo vya pembeni vinacheza, plastiki za dashibodi zinalia. Ukirudisha gia N, mtetemo unapungua. Ukiweka R, kitu kinagonga chini ya miguu yako. Dalili hizi anazijua kila aliyewahi kumiliki Corolla ya miaka ya 1990, na jibu la gereji nyingi ni moja: mauntingi, yaani ile mipira yenye chuma inayoshika injini kwenye bodi, zimekufa, lete hela tuweke zote nne. Wakati mwingine jibu hilo ni sahihi. Lakini mara nyingi iliyokufa ni moja au mbili tu, na kilichoziua bado kipo palepale juu yake, na mpya nazo zitakwenda njia ileile.

Nitaeleza kwa Corolla za familia za AE100 na AE110 zenye injini za 4A na 5A, kwa sababu bado zimejaa barabarani kuanzia Dar hadi Nairobi na Kampala. Mwenye Sprinter au Carina ya wakati huo yenye injini hizo ataona mpangilio unaofanana sana. Mwenye gari lingine la injini iliyolala kwa upana atafuata hatua zilezile, ila bolti atazikuta mahali tofauti.

Kwanza ujue kila moja inafanya kazi gani

Injini na gia boksi vimeshikwa na mauntingi nne. Ya kulia iko upande wa mkanda wa taimingi, yaani upande wa dereva kwa magari yetu ya usukani wa kulia. Ya kushoto imeshika gia boksi, chini ya betri. Hizi mbili ndizo zinazobeba uzito. Ya mbele na ya nyuma zimekaa chini, juu ya krosimemba ya katikati, ile boriti inayotoka chini ya rejeta kwenda nyuma. Kazi yake kubwa ni kuzuia injini isijipindue mbele na nyuma unapokanyaga mafuta au unapobadilisha gia.

Tofauti hiyo inakusaidia kukisia kabla hujachafua mikono. Mlio wa kugonga unapotoka D kwenda R, au unapokanyaga na kuachia mafuta, unakupeleka kwa ya mbele na ya nyuma. Mtetemo usioisha gari likiwa limesimama, hasa AC ikiwaka, mara nyingi unatoka kwa ya kulia au ya kushoto iliyobonyea, kiasi kwamba chuma kimekaribia kugusa chuma.

Injini ya silinda nne kwa asili yake inatetemeka. Ikizunguka mara 750 kwa dakika, inachoma mafuta mara 25 kila sekunde, na kila mchomo ni msukumo. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilipotoa gari la Plymouth la silinda nne lililofungwa injini kwa mipira iliyopangwa kwa hesabu, wanunuzi walishangaa utulivu wake, na Citroën wa Ufaransa wakanunua haki ya kutumia mpango huohuo. Tangu hapo ugumu wa mpira, matundu yaliyoachwa ndani yake na mahali unapokaa vyote huchaguliwa kwa ajili ya injini ile na bodi ile. Ndiyo maana mpira unaoingia kwenye tundu si lazima uwe mpira sahihi.

Kukagua kabla ya kununua

Anza na injini yenyewe. Plagi iliyochoka, waya wa plagi unaovuja umeme au sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) iliyoshuka chini sana vinatoa mtetemo unaofanana kabisa na wa mauntingi mbovu. Weka gia N na usikilize. Kama injini inarukaruka bila mpangilio hata ikiwa N, shughulika na plagi na sailensi kwanza. Kama N imetulia lakini D inatetemeka, mauntingi zinastahili kushukiwa. Washa AC pia. Mzunguko wa injini unatakiwa ubaki palepale au uongezeke kidogo, na ukishuka hadi gari linataka kuzima, tatizo si mpira.

Sasa fungua boneti. Vuta hendibreki, weka kabari mbele na nyuma ya matairi, na mtu wa kusaidia akae kwenye usukani akiwa amekanyaga breki kwa nguvu. Wewe simama pembeni, usawa wa fenda. Usisimame mbele ya gari wala nyuma yake kwa sababu yoyote ile. Aweke D, aguse mafuta kidogo sana, aachie; kisha R, afanye hivyohivyo. Injini nzima itainama kidogo na kurudi. Ikinyanyuka kwa kuruka, zaidi ya sentimita mbili na nusu hivi, au ikirudi kwa kishindo, kuna mpira uliochanika.

Zima gari, liache lipoe, chukua tochi. Kwenye mauntingi ya kulia na ya kushoto angalia kama chuma cha katikati kimeshuka na kulalia upande wa chini wa duara lake. Angalia nyufa, na hasa pale mpira unaposhikana na chuma, kwa kuwa nyufa ndogo za juu si kitu lakini mpira uliobanduka kwenye chuma umekwisha. Baadhi ya mauntingi za kulia zina majimaji ndani. Ukikuta zimevuja rangi nyeusi ubavuni, hakuna la kutengeneza hapo. Ya mbele na ya nyuma utaziona vizuri ukiwa chini ya gari, na wakati mwingine mpasuko haujionyeshi hadi uweke nondo bapa katikati ya breketi na kuisukuma taratibu. Mpira mzima unapinga na kurudi. Uliochanika unafunua mdomo.

Tafuta muuaji

Mpira wa mauntingi nyingi ni mpira wa asili, uliounganishwa na chuma kwa joto na dawa kiwandani. Unavumilia kukunjwa mamilioni ya mara. Usichovumilia ni oili. Oili inauvimbisha, unakuwa laini kama chapati iliyolowa chai, kisha unameguka. Joto nalo linaukausha na kuupasua.

Kwenye injini hizi nina washukiwa watatu. Gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, inavuja na oili inateremka kwenye kuta za injini. Oringi (pete ya mpira) ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, upande wa gia boksi, inakuwa ngumu na kudondosha oili taratibu kwa miaka bila mwenye gari kugundua. Sili za krenki na za ekseli nazo huvuja kuelekea chini. Ya mbele ina adui wa ziada, kwa sababu bomba la moshi linatoka kwenye injini upande wa rejeta, hivyo inaishi jirani na joto. Ile karatasi ya bati inayokinga joto ikikatika bolti, watu huitupa. Irudishe.

Oringi ya distribyuta ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na mauntingi inayoiangamiza. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mvujo unazibwa kwanza, injini inaoshwa, halafu ndipo mpira mpya unaingia. Fundi akikuambia mvujo utashughulikiwa siku nyingine, mwambie na mauntingi zisubiri siku hiyo.

Kununua

Nenda dukani na namba ya chesisi na namba ya injini, pamoja na mauntingi ya zamani mkononi kama inawezekana. Mauntingi za gari la otomatiki na la manyuo si sawa kila mara, na za 4A na za 4E, injini nyingine ya Toyota, si sawa. Namba za Toyota zinaanza hivi: 12305 ni ya kulia, 12361 ni ya mbele, 12371 ni ya nyuma na 12372 ni ya kushoto. Tarakimu zinazofuata baada ya kistari ndizo zinazotofautisha modeli, na hizo zote zilingane na za gari lako.

Ukienda Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utawekewa mezani aina tatu: jenyuini, mpya za kampuni nyingine, na zilizotolewa kwenye magari ya Japani. Jenyuini kwa gari la umri huu ni ghali, lakini kama unaweza kumudu moja tu, iwe ya kulia. Mpya za bei ya chini mara nyingi zina mpira mgumu kupita kiasi, na mtu anaishia na mtetemo mkubwa kuliko ule wa mauntingi iliyokufa. Ibonye kwa kidole gumba kabla ya kulipa, ukilinganisha na nyingine. Ya Japani inafaa kama mpira bado una uhai. Ikunje kidogo, angalia kingo, inuse kama ina oili. Mpira unazeeka hata ukiwa rafuni, hivyo neno "used ya Japani" peke yake halitoshi.

Vipi kuhusu kuitengeneza ya zamani?

Kuna mtindo wa kukata vipande vya tairi na kuvigongomea kwenye matundu ya mauntingi. Siupendi, na sababu ni hii: kipande cha tairi kina nyuzi ndani yake, ni kigumu, na hakijashikana na chuma. Kinapinga kinapobanwa tu. Kikivutwa hakina msaada. Injini inabaki ikigonga upande mmoja, na mtetemo wote unapita moja kwa moja hadi kwenye breketi na bodi. Kikufikishe nyumbani ukiharibikiwa njiani, basi.

Njia ya heshima kidogo ni kumimina polyurethani ya sehemu mbili, ile inayochanganywa na kuganda ikiwa na unyumbufu wa mpira. Inafaa kwa mauntingi ya mbele na ya nyuma ambazo zina matundu, na mpira wake umepasuka bila kumeguka. Chagua ya ugumu wa Shore A (kipimo cha ugumu wa mpira) kati ya 60 na 80. Ikizidi hapo gari halikaliki. Osha mauntingi kwa sabuni ya kukata grisi, kausha kabisa, kwaruza mpira kwa msasa. Weka kile kibomba cha chuma cha katikati mahali pake halisi na ukishikilie, kwa maana kikiganda kikiwa pembeni bolti haitaingia. Ziba upande mmoja kwa utepe, mimina polepole ili hewa itoke, na uache kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi siku nzima au zaidi. Tegemea mtetemo kidogo zaidi kuliko mpira mpya. Na kama mpira umelowa oili hadi ndani, usipoteze dawa yako, haitashika.

Vifaa

Jeki ya magurudumu, stendi mbili za jeki, kabari, ubao mnene wa upana wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), soketi za 12, 14, 17 na 19 pamoja na mpini mrefu na ekstensheni, nondo bapa, brashi ya waya, dawa ya kulegeza kutu. Toki renchi kama unaweza kuazima. Dawa ya kutu inyunyizie usiku wa kuamkia kazi, na ielekeze kwenye nyuzi za bolti, isiguse mpira mpya.

Kazi yenyewe

Badilisha moja baada ya nyingine. Ukilegeza zote kwa pamoja, injini inakaa inapotaka, na kuirudisha ili matundu yalingane ni kazi ya saa nzima ya kusukumana nayo.

Toa waya wa hasi wa betri. Inua mbele, kaza stendi chini ya sehemu imara za bodi, kisha tikisa gari kwa nguvu kabla hujaingia chini. Gari lililosimama kwa jeki peke yake limeua mafundi wenye uzoefu mkubwa. Hakuna haraka inayostahili hilo.

Ya kulia. Weka ubao chini ya sampu, upande wa mkanda, na jeki chini ya ubao. Bila ubao, bati la sampu linabonyea. Pandisha kidogo kidogo hadi uzito utoke kwenye mauntingi. Utajua umefika pale ambapo bolti ya katikati, ikishalegezwa, inazunguka kwa vidole. Usiendelee kuinua zaidi, kwa sababu mipira ya rejeta, bomba za AC na kebo zote zimeshikana na injini. Kwenye baadhi ya magari itabidi usogeze kopo la hydroliki ya usukani ili soketi ipite. Toa bolti, toa mauntingi, safisha mahali pake kwa brashi, weka mpya. Bolti zote ziingie kwa mkono kwanza. Bolti inayodai spana tangu mwanzo imekaa upande, na ukiilazimisha utaharibu nyuzi.

Ya kushoto. Toa betri na sahani yake. Jeki sasa inahamia chini ya gia boksi, na kwa otomatiki ubao ukae chini ya mwili wa gia boksi, si chini ya sampu yake ya bati. Mengine ni kama ya kulia. Sahani ya betri ikiwa na kutu ya asidi, ioshe kwa maji ya magadi na uipake rangi, kwani asidi hiyo hudondokea breketi.

Ya mbele na ya nyuma. Hapa ndipo penye jasho. Injini ibaki imeegemea jeki na ubao. Bolti zinazoshika mauntingi kwenye krosimemba ziko ndani ya matundu yaliyofunikwa na vizibo vya mpira. Vitoe kwa bisibisi. Toa bolti ya katikati ya mauntingi ya mbele, kisha zile za chini, na mara nyingi itatoka bila kushusha krosimemba. Ya nyuma imefichwa kati ya injini na ukuta wa moto, lile bati linalotenganisha injini na abiria, na watu wengi huhangaika nayo kwa saa mbili kwa kukataa kushusha krosimemba. Ishushe. Bolti zake za mbele na za nyuma zikitoka, utaona kila kitu. Zipange chini kwa mpangilio uleule, urefu wake haulingani. Mauntingi hizi zina upande wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo weka alama ya rangi kabla ya kutoa.

Kukaza. Hatua hii ndiyo mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayofanya mauntingi mpya zipasuke mapema. Bolti zote zikiwa zimeingia lakini hazijakazwa, shusha jeki ya injini taratibu hadi uzito wote ukae kwenye mauntingi. Shika injini, isukume mbele na nyuma mara kadhaa ijipange yenyewe. Kisha kaza bolti zinazoshika mauntingi kwenye bodi na krosimemba, na mwisho kabisa kaza bolti za katikati. Ukikaza injini ikiwa imenyanyuliwa, mpira unabaki umejipinda maisha yake yote, na mtetemo unapita kama vile hukubadilisha kitu. Nguvu ya kukaza ifuate kitabu cha ukarabati cha modeli yako.

Rudisha betri, washa, ukiwa umehakikisha kabari ziko mahali pake. Rudia jaribio la D na R. Kama mtetemo bado upo, kabla hujalaumu spea, legeza bolti za katikati za mbele na nyuma gari likiwa chini, washa injini kwa dakika mbili ikiwa N, zima, kaza tena. Angalia pia kama bomba la moshi halijaegemea bodi, maana injini ikirudi kwenye kimo chake cha asili bomba nalo linahama, na raba zake za kuning'inizia zikiwa zimekatika utasikia mngurumo utakaodhani ni wa mauntingi.

Mipira mingine mkiwa chini ya gari

Bushi za kontroli amu zinafuata kanuni ileile ya uzito, na kwa ukali zaidi. Bolti zake zisikazwe matairi yakiwa yananing'inia. Ziingize, shusha gari hadi lisimame kwa matairi yake, kaza hapo. Bushi yenye matundu ndani ina upande wake, iwekee alama kabla haijaenda kwenye presi, na gari likapimwe alaimenti baadaye. Bushi za stabilaiza zipake grisi ya silikoni au maji ya sabuni wakati wa kuzivalisha. Grisi ya kawaida na oili zinazila.

Maunti ya juu ya shokapu ni jambo lingine kabisa. Nati ile ya katikati juu ya shokapu inashikilia springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi mno. Usiiguse bila kikandamiza springi kinachofaa, na kama huna, mpelekee fundi mwenye nacho.

Baada ya kilomita 1,000 hivi, fungua boneti tena. Pitisha spana kwenye bolti zote ulizogusa, na pitisha kidole kikavu chini ya distribyuta na kando ya tapeti kava. Kidole kikirudi na oili, ziba mvujo huo wiki hiyohiyo, mpira bado ukiwa mkavu.